Kumshonea mteja mapazia ya kupimiwa: mwongozo kwa mbunifu wa mambo ya ndani

Mteja anayekuja kwa habari ya mapazia mara nyingi huwa tayari ana rangi kichwani na picha kwenye simu. Msikilize, iangalie picha, kisha iweke kando kwa muda. Pazia zuri hutokana kwanza na dirisha, pili na maisha ya wanaokitumia chumba, tatu na bomba litakalolibeba. Kitambaa kinafuata baada ya hapo. Ukianzia kwenye kitambaa, unaweza kuishia na nguo ya kupendeza inayoning'inia vibaya, na hakuna fundi awezaye kuiokoa ikishakatwa.

Hapa chini nimeifuata kazi moja kuanzia mazungumzo ya kwanza hadi pazia kutundikwa. Vipimo vyote ni vya sentimita, na nakushauri ushike kipimo kimoja tu kwenye karatasi zako zote. Fundi anayepokea namba za inchi kwa upana na za sentimita kwa urefu amewekewa mtego.

1. Kaa chumbani na uulize

Usipime kitu chochote kabla ya kujua pazia linatakiwa kufanya kazi gani. Jua huingia dirishani saa ngapi? Nani hulala humo, na anahitaji giza kiasi gani? Nje ya dirisha kuna nini, na nani anaweza kuchungulia? Mapazia yatafunguliwa na kufungwa kila siku, au yatakaa tu pembeni kama pambo? Nani atayafua, na kwa njia gani? Kuna watoto wadogo, paka au mbwa?

Suala la kuchunguliwa lieleze wazi, kwa sababu wateja wengi hushangaa baadaye. Pazia jepesi humficha mtu mchana, kwa kuwa nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Usiku taa zikiwashwa mambo yanageuka: mwanga uko ndani, na aliye nje anaona kila kinachoendelea. Kama faragha ya usiku inahitajika, pazia jepesi peke yake halitoshi, hata lingekuwa la bei gani. Mtundikie safu mbili, jepesi nyuma na zito mbele.

Bajeti nayo iulize siku hiyohiyo. Mwenye dirisha la mita mbili hudhani atanunua mita mbili na ushee, kumbe hesabu ya kweli, kama utakavyoona, inafika mita kumi na zaidi. Ni afadhali alisikie hilo kwako mapema kuliko kuligundua kwenye ankara.

2. Amua bomba au reli, na mahali itakapokaa

Bomba huonekana na ni sehemu ya pambo. Reli hujificha, hupita kwenye kona bila kukwama na hubeba mapazia mazito kwa utulivu. Kwa dirisha lililojitokeza lenye pande tatu, mimi sihangaiki na bomba. Reli iliyopindwa kufuata kona hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Swali la kujiuliza ni hili: mapazia yakifunguliwa yatakaa wapi? Nguo haipotei, inarundikana pembeni. Bomba likiishia sawasawa na fremu, rundo lote litafunika kioo, na mteja aliyelipia dirisha kubwa atabaki na mwanga nusu. Kwa dirisha la upana wa 180, ongeza 30 kila upande, bomba liwe 240. Kitambaa kikiwa kizito na chenye bitana nene, ongeza zaidi.

Kwa upande wa urefu, bomba likae juu ya fremu kwa 10 hadi 15 angalau. Kama kati ya fremu na dari kuna nafasi ndogo, lipandishe hadi karibu na dari. Chumba kitaonekana kirefu zaidi. Kagua ukuta pia. Pazia la mahameli lenye bitana ni mzigo mkubwa, kwa hiyo skrubu ziingie kwenye plagi zinazofaa ukuta huo, na bomba refu lipate kishikio cha katikati lisije likabonyea.

Nyumba yenye watoto isiwekewe kamba ya kuvutia pazia yenye kitanzi kinachoning'inia. Mtoto anaweza kunyongwa nayo. Chagua pazia la kuvutwa kwa mkono au kwa fimbo fupi, au kamba ifungwe ukutani juu, mbali na mkono wa mtoto.

3. Pima

Tumia futi ya chuma. Futi ya kitambaa hulegea na kudanganya. Inapowezekana, bomba lifungwe kwanza ndipo upime, maana urefu wa pazia huanzia pale linapobebwa: chini ya pete kama ni la kulabu, au juu kidogo ya bomba kama ni la ringi, yaani matundu ya duara kwenye nguo ambamo bomba hupita.

Upana ni urefu wa bomba bila vichwa vya mapambo. Ongeza umbali kati ya bomba na ukuta kila upande, ili pazia ligeuke kuelekea ukutani na kuziba mwanga wa pembeni, kisha ongeza kidogo katikati ili vipande viwili vipishane.

Urefu upimwe sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Sakafu nyingi hazikulala sawa. Tofauti ya sentimita moja haina shida, fuata kipimo kifupi zaidi. Tofauti ikiwa kubwa, mwambie mteja, kisha uchague kati ya kuliacha pazia liguse sakafu na kulala, jambo linaloficha kasoro, au kila kipande kipindwe kwa urefu wake. Bomba lenyewe lifuate pimamaji, isipokuwa dari iko karibu sana na imeinama waziwazi. Hapo jicho litafuata dari, na bomba lililonyooka ndilo litakaloonekana limepinda.

Mwisho wa pazia chini ni uamuzi wa mteja, ila umwongoze. Pazia linaloishia 1 juu ya sakafu ni safi, rahisi kufagia chini yake, na linafaa mahali linapovutwa kila siku. Linalogusa na kulala kidogo, 2 hadi 5 za ziada, lina utulivu wa kupendeza. Linalomwagika sakafuni kwa 15 au zaidi ni la chumba kisichopitwa sana. Hukusanya vumbi, na kila likivutwa lazima lipangwe upya kwa mkono. Kinachopaswa kuepukwa ni pazia linaloning'inia nusu njia kati ya dirisha na sakafu bila sababu. Kama kuna kabati au jiko chini ya dirisha, basi pazia fupi, na lisisogee karibu na moto kwa namna yoyote.

4. Chagua kichwa cha pazia

Kichwa ndicho kinachoamua nguo itaangukaje. Marinda ya kubana, yanayoshonwa matatu matatu, yana sura ya heshima na hukaa pembeni kwa rundo dogo. Mtindo wa wimbi, unaohitaji reli yake maalumu, hutoa mikunjo laini inayofanana kuanzia juu hadi chini, na unapendeza kwenye nyumba zenye mapambo machache. Utepe wa nyuzi za kuvuta ni rahisi na husamehe makosa madogo ya hesabu, ingawa mikunjo yake haina nidhamu. Ringi ni nyepesi kutumia, ila hakikisha idadi yake kwa kila kipande inagawanyika kwa mbili, ili kingo zote mbili zigeukie ukutani. Ikiwa witiri, ukingo mmoja utakodolea macho chumbani. Kichwa cha mfuko, ambapo bomba hupenya ndani ya nguo, kiachie mapazia yasiyovutwa.

5. Sasa kitambaa

Hapa ndipo mteja alipotaka kuanzia, na sasa mna sababu za kuchagua. Mpe sampuli tatu au nne, zisizidi, na ziwe kubwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja hakisemi kitu. Kikunje kwa mkono kama pazia, kishikilie mbele ya dirisha mwanga ukipenya kwa nyuma, kisha kiache pale mteja akione asubuhi, jioni na chini ya taa. Rangi ya kijivu iliyopendeza dukani inaweza kugeuka zambarau jua la jioni likiipiga.

Pamba hushonwa kwa urahisi na hupokea rangi vizuri, lakini hurudi ikifuliwa. Kitani huanguka kwa uzuri usio na mfano, ila hukunjamana, na urefu wake hubadilika kidogo unyevu wa hewa unapopanda na kushuka, hivyo pazia la kitani lisikatwe kwa hesabu ya kugusa sakafu kwa unywele. Hariri jua huila. Isiwekwe bila bitana, na dirisha lenye jua kali lisipewe hariri kabisa. Poliesta huvumilia jua na kufuliwa, na zilizofumwa vizuri sasa zinaanguka kama kitani. Mahameli huzuia baridi na hufifisha sauti, lakini manyoya yake yana uelekeo, nalo ni jambo la kukumbuka wakati wa kukata.

Jaribio moja usiliruke kama mapazia yatafuliwa kwa maji. Kata mraba wa 50 kwa 50, uufue jinsi mteja atakavyofua, ukauke, upige pasi, upime. Ukipata 48.5, nguo imerudi kwa asilimia 3. Inaonekana ndogo, lakini kwenye pazia la 250 hiyo ni 7.5 nzima, na pazia lililokuwa likigusa sakafu litaonekana kama suruali ya mwaka jana kwa mtoto anayekua. Nguo ya namna hiyo ifuliwe yote kabla ya kukatwa, na bitana pia, au mteja akubali kwa maandishi kwamba itasafishwa bila maji.

Kuhusu bitana, msimamo wangu ni kwamba kila pazia lisilo jepesi linastahili. Huikinga nguo dhidi ya jua, huipa uzito, na huyafanya madirisha yote yafanane yanapotazamwa kutoka nje. Chumba cha kulala kipewe bitana ya giza, isiyopitisha mwanga. Ukiweza, weka pia tabaka laini la katikati, kati ya nguo na bitana. Nguo ya kawaida tu itapata mwili na kuonekana ya thamani.

6. Piga hesabu

Tuchukue bomba letu la 240. Mgeuko wa ukutani ni 8 kila upande, na mpishano wa katikati ni 5 kwa kila kipande. Jumla ya upana wa kufunika ni 240 + 16 + 10 = 266.

Pazia linahitaji ujazo. Chini ya mara 1.5 ya upana, nguo hutandaa kama shuka. Mara 2 ni kipimo kizuri kwa nguo nyingi, na mapazia mepesi yapewe 2.5 hadi 3. Tukichukua mara 2, tunapata 532. Ongeza pindo za pembeni, 8 kwa kila ukingo, na kingo ni nne: 32. Ongeza mishono ya kuunganisha, 3 kwa kila kipande: 6. Jumla ni 570.

Nguo yetu ina upana wa 140. Gawanya: 570 kwa 140 ni 4.07, yaani idadi ya vipande vya nguo vya upana kamili, ambavyo hapa naviita upana au pana. Je, ununue upana wa tano kwa sababu ya hiyo sehemu ndogo? Hapana. Ukitumia nne, ujazo unashuka hadi karibu 1.96, na hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo. Ingekuwa 4.5, ningepanda hadi tano, kila kipande kipate upana mbili na nusu, na ile nusu ikae upande wa ukutani. Isikae katikati.

Urefu: pazia lililokamilika ni 250. Upindo wa chini wa kukunjwa mara mbili, 10 kwa 10, ni 20. Kichwa nacho 20. Kila upana ukatwe 290. Kwa nguo isiyo na maua, 4 × 290 ni 1160, yaani mita 11.6.

Nguo ya maua ina hesabu yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme ua hujirudia kila 64. Kila upana lazima uanzie mahali palepale pa ua, kwa hiyo 290 igawanywe kwa 64, ambayo ni 4.53, na upande hadi 5: 5 × 64 ni 320. Pana nne ni 1280. Ongeza mrudio mmoja wa kuchagulia mahali pa kuanzia, unafika 1344. Nunua mita 13.5. Zile karibu mita mbili za ziada zitabaki vipande, mwambie mteja mapema. Zinatosha foronya za mito au vifungio vya pazia.

Nguo nyepesi yenye upana wa 280 hadi 300 inaweza kulazwa, upana wake ukawa urefu wa pazia, na mishono ya katikati ikatoweka. Hakikisha tu kwamba urefu unaotaka, pamoja na pindo, unaingia.

7. Andikianeni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika vipimo, mchoro wa dirisha, jina na rangi ya nguo, aina ya kichwa, pazia litaishia wapi chini, tarehe na malipo ya awali, kisha mteja atie sahihi. Malipo ya awali yatoshe kununua nguo na bomba, kwa sababu nguo iliyokatwa hairudishwi dukani. Nunua yote kwa mara moja, na ikiwezekana kutoka jora moja. Rangi ileile ikipakwa siku nyingine kiwandani inaweza kutofautiana, na tofauti hiyo hujitokeza pale pana mbili zinapoungana.

8. Kagua, kisha kata

Ifungue nguo yote juu ya meza kubwa, uipitishe chini ya mwanga mzuri, utafute nyuzi zilizokatika, madoa na mistari ya rangi. Kasoro iliyoonekana kabla ya mkasi ni ya muuzaji. Baada ya mkasi ni yako.

Kwa nguo isiyo na maua, chomoa uzi mmoja wa upana ukupe mstari ulionyooka, ukate hapo. Iliyochapwa maua fuata ua, hata kama uzi umepotoka kidogo, maana atakayeketi chumbani ataona ua na hataona uzi. Mahameli yakatwe yote yakiangalia upande mmoja. Weka alama ya chaki juu ya kila upana, upande wa nyuma, kwa sababu upana mmoja uliogeuzwa utaonekana wa rangi nyingine kabisa.

9. Shona

Kama unampa fundi, mpe karatasi ya vipimo pamoja na maelezo ya mdomo, na umtembelee kabla kichwa hakijashonwa. Hatua hiyo ndiyo ngumu kuirekebisha.

Sindano iwe mpya na mshono uwe mrefu kiasi, milimita 3 hadi 4. Ukingo mgumu wa kiwandani ukatwe au uchanjwe-chanjwe, la sivyo utavuta mshono ukunjamane. Pana za maua zipigwe bandi (mshono wa muda) kwanza, ua likutane na ua, ndipo cherehani ipite. Fungua kila mshono kwa pasi kabla ya kuendelea.

Anza na upindo wa chini. Weka chuma kidogo cha uzito kwenye kila kona, ndani ya kijifuko cha bitana ili kisiache kutu kwenye nguo, kisha ukunje kona kwa mshazari ilale bapa. Mapazia mazuri upindo wake hushonwa kwa mkono, mishono isionekane mbele. Bitana ipindwe peke yake, iishie 2 hadi 3 juu ya mwisho wa pazia, isichungulie. Zikiisha pindo za pembeni na bitana imeshikwa, laza pazia na upime 250 kuanzia chini kwenda juu, sehemu kadhaa za upana. Hapo ndipo kichwa kinapokunjwa.

Marinda yanagawanywa hivi. Kipande chetu baada ya pindo ni 261, na kinatakiwa kufunika 133. Ziada ni 128, ambayo ndiyo ya marinda. Tukiweka marinda 10, kila moja linapata 12.8. Ukitoa mgeuko wa 8 na mpishano wa 5, zinabaki 120 za nafasi tisa kati ya marinda, yaani 13.3 kila moja. Weka pini zote kabla ya kushona hata moja, na usogeze kidogo pale mshono wa kuunganisha unapoangukia mbele ya rinda. Ufiche nyuma yake.

10. Tundika na ufunze nguo

Nenda na pasi ya mvuke, ngazi, pimamaji, sindano na uzi wa rangi ile. Piga pasi kabla ya kutundika, na mvuke baada ya kutundika. Anza na kulabu za pembeni, kisha za katikati, ili uzito ugawanyike.

Halafu fanya kazi ambayo wengi huiacha. Fungua mapazia yote hadi pembeni, upange kila mkunjo kwa vidole kuanzia kichwani hadi chini, yafunge kwa vitambaa laini sehemu tatu, bila kubana, uyaache hivyo siku mbili au tatu. Nguo hujifunza mikunjo yake. Mteja akifungua vile vitambaa, mapazia yatarudi kwenye mistari ileile kila yanapovutwa.

Kabla ya kuondoka, mwonyeshe mteja jinsi ya kuvuta pazia kwa kushika ukingo wa juu badala ya kulivuta chini, namna ya kutoa kulabu kabla ya kufua, na jinsi ya kutumia kifyonza vumbi chenye brashi laini. Mwachie masalio ya nguo. Kama ni kitani, mpange siku ya kurudi baada ya wiki chache, pazia likishatulia kwa uzito wake, mkague urefu pamoja na kurekebisha upindo kama umeshuka.